Kalamu Isiwe ya Bosi Peke Yake

Hoja iliyo mezani ni hii: mfanyakazi anayenyanyaswa na meneja wake asinyamaze, asijibizane naye, wala asiache kazi, kabla hajayaweka malalamiko yake kwenye karatasi yenye tarehe na kuyafikisha kwa mkubwa wa huyo meneja. Naitetea hapa Eldoret, mji ambao tangu tarehe 15 Agosti 2024 umekuwa jiji la tano la Kenya, na ambao wakazi wake wengi wanaishi kwa kuajiriwa: viwanda vya nguo na vya unga, hospitali ya rufaa ya Moi, vyuo vikuu, maghala ya nafaka, mahoteli, maduka ya jumla ya Barabara ya Uganda, na shule za kibinafsi zisizohesabika. Wapinzani wa hoja ni wanne. Nimewaunda mwenyewe kutokana na maneno yanayosikika popote wafanyakazi wanapokaa kula chakula cha mchana: meneja, mzee mstaafu, kijana mwenye hasira, na mama aliyechoshwa na korti. Hawana majina kwa sababu si watu fulani. Nimejaribu kuwapa hoja zao kwa nguvu zinazostahili, na msomaji ataamua kama nimewatendea haki.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana si kila bosi mkali ni mnyanyasaji. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba Nambari 190 mwezi Juni 2019, na Uganda, jirani yetu, iliuridhia mwaka 2023. Mkataba huo unataja tabia na vitendo visivyokubalika, au vitisho vya kuvitenda, viwe vimetokea mara moja au vinarudiwa, ambavyo vimekusudiwa kumdhuru mtu, au vinamdhuru, au vinaelekea kumdhuru, mwilini, akilini, kijinsia au kimapato. Tukiyaleta hayo karibu na nyumbani, ni meneja anayemfokea mhudumu mbele ya wateja kila wiki. Ni supavaiza anayempangia mtu mmoja zamu za usiku mfululizo bila kukiri kwamba anamwadhibu. Ni mkuu wa idara anayemwondoa karani kwenye kundi la WhatsApp la kazi, kisha anamuuliza asubuhi kwa nini hakuona maagizo. Ni kumpa mtu kazi ya watu watatu na muda wa mtu mmoja, halafu kumwita mzembe. Kila tendo likitazamwa peke yake linaonekana dogo, na hapo ndipo ugumu ulipo: anayelalamikia tendo moja huonekana anadeka, ilhali anayeumizwa ameumizwa na yote kwa pamoja.

Meneja ndiye wa kwanza kusimama. "Mnazungumza kama watu ambao hawajawahi kusimamia zamu," anasema. "Lori linangoja, mashine imekwama, makao makuu Nairobi wanataka takwimu kabla ya saa kumi, na kijana uliyemwajiri wiki iliyopita yuko nyuma ya ghala na simu yake. Nikimbembeleza, mzigo utalala. Sauti ya juu ndiyo nidhamu ya kiwandani, na imekuwa hivyo tangu zamani. Hawa wanaoandika barua ndio wale wale wavivu." Hoja hii ina nusu ya ukweli. Shinikizo analolitaja lipo, na aghalabu yeye mwenyewe amefokewa na aliye juu yake kabla hajafika pale ghalani. Lakini angalieni zana ambazo sheria imemwekea tayari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiri uwezo wa kuweka kanuni za nidhamu, na mwenye wafanyakazi kuanzia 50 inamlazimu kuzieleza kwa maandishi. Anaweza kutoa onyo, akatoa barua ya kumtaka mtu ajieleze, akaitisha kikao. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au uzembe, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, kisha amsikilize. Kijana wa simu nyuma ya ghala angeweza kushughulikiwa kwa njia hiyo na asingekuwa na pa kujificha. Meneja anayechagua kufoka badala ya kuandika huenda anajua jambo moja: akiandika, itabidi athibitishe. Matusi hayadai ushahidi. Kwa hiyo aliyekwepa nidhamu hapa ni yeye, na mfanyakazi anayeandika anairudisha kazini.

Kuhusu hilo la "tangu zamani", ni kweli, na zamani hiyo ina tarehe. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kuacha kazi ya mzungu bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Miaka miwili baadaye Makaburu wakapanda na magari yao ya ng'ombe hadi uwanda wa Uasin Gishu, na mashamba yao yakaendeshwa na manyapara waliopewa fimbo na sauti kuliko walivyopewa akili ya kupanga kazi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande: mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi ndani ya kopo la chuma, imebeba alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi zilizoandikwa na waajiri. Harry Thuku alikamatwa mwaka 1922 baada ya kuongoza upinzani ambao kipande kilikuwa kati ya malalamiko yake makubwa. Simwiti kila supavaiza wa leo mjukuu wa Kaburu. Hilo lingekuwa tusi kwa wengi wanaofanya kazi yao kwa heshima. Ninachosema ni kwamba mpangilio ambao mkubwa huandika juu ya mdogo, na mdogo hana pa kuandika juu ya mkubwa, haukushuka kutoka mbinguni. Ulitungwa na watu, kwa faida ya watu.

Meneja hajakaa. "Basi ni tabia ya mtu mmoja mmoja," anasema. "Mhamisheni huyo mkorofi, mambo yaishe." Hapana. Mwezi Desemba 2019 mahakama ya Paris iliihukumu kampuni ya simu ya France Télécom, pamoja na aliyekuwa mkuu wake, Didier Lombard, kwa unyanyasaji wa kiakili kazini. Kampuni ilitaka watu 22,000 waondoke kati ya takriban 120,000, na kwa kuwa wengi walikuwa na kazi za kudumu zisizoruhusu kuwafuta ovyo, usimamizi ukawahamisha huku na huku, ukawapokonya majukumu na kuwabana mpaka wachoke wenyewe. Watu kadhaa walijiua. Hukumu ilikuja kuthibitishwa na mahakama ya juu ya Ufaransa mwezi Januari 2025. Huko hapakuwa na suala la hasira ya meneja mmoja, ulikuwa mpango. Hapa kwetu pia mwajiri anayetaka kukwepa malipo ya kumwondoa mtu kazini ana sababu ya kumwachia meneja mkorofi afanye kazi hiyo bure. Ndiyo maana malalamiko yapelekwe juu ya meneja, kwa mwajiri, ili siku ya siku asiseme hakujua.

Sasa anasimama mzee mstaafu, na huyu nampa muda mrefu zaidi kwa sababu ndiye anayesikilizwa zaidi. "Wanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Kazi ni ngumu kupata. Nje ya lango kuna vijana mia wenye diploma wanaongoja nafasi yako, na baadhi yao wametoka Langas na Huruma kwa miguu tangu alfajiri. Meneja huja na kwenda. Leo yuko hapa, mwaka ujao amehamishiwa Nakuru. Wewe una watoto na karo. Nyamaza, fanya kazi yako, subiri kiinua mgongo." Hakuna mwenye akili timamu atakayemcheka mzee huyu. Ameona watu wakimwaga unga kwa neno moja, na viwanda vya mji huu vikifungwa na watu kurudishwa mashambani. Rivatex, kiwanda cha nguo, ilipoingia mikononi mwa wafilisi mwishoni mwa miaka ya 1990 haikurudi kwenye uhai hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Uvumilivu wake umetokana na hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi wakati wake.

Tatizo ni kwamba sheria imebadilika na hesabu yake haikubadilika nayo. Tangu Katiba ya 2010, Kifungu chake cha 28 kinalinda utu wa kila mtu na cha 41 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyoihusu Coca-Cola East and Central Africa, iliweka wazi kanuni za kile ambacho wanasheria hukiita kufutwa kazi kwa mlango wa nyuma: mfanyakazi anajiuzulu, lakini anajiuzulu kwa sababu mwajiri amevunja msingi wa mkataba kiasi kwamba hakuna mtu angeweza kuendelea. Akithibitisha hilo, sheria inamhesabu kuwa amefutwa. Ila kanuni zenyewe zina masharti makali. Ni juu ya mfanyakazi kuthibitisha. Lazima mwenendo wa mwajiri uwe ndio uliomwondoa. Lazima aondoke ndani ya muda unaofaa. Na lazima asiwe ameikubali hali ile, ama kwa maneno ama kwa mwenendo wake. Mzee na asome tena sharti hilo la mwisho. Kunyamaza miaka mitatu, ambako yeye anakuita subira, wakili wa mwajiri atakuita kukubali. Atauliza swali moja tu: kama mambo yalikuwa mabaya hivyo, mbona hukusema? Na mfanyakazi aliyefuata ushauri wa mzee atakuwa hana jibu, ila machozi, na machozi hayaambatanishwi kwenye jalada.

Mzee anaweza kunijibu kwamba barua ndiyo itakayomfukuzisha mtu. Inawezekana. Lakini atakayemfuta kazi kwa sababu ya barua atakuwa ameingia mahali ambapo sheria imemsubiri. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinaorodhesha sababu zisizokubalika za kumfuta mtu, na mojawapo ni kwamba ameleta au anakusudia kuleta malalamiko dhidi ya mwajiri wake, isipokuwa ikionyeshwa kwamba malalamiko hayo ni ya kipuuzi na hayana msingi. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumfuta. Barua ikiwa na muhuri wa kupokelewa tarehe fulani, na kufutwa kukaja wiki mbili baadaye, mwajiri ndiye anayelazimika kueleza. Bila barua, kufutwa huko ni "upunguzaji wa gharama" tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na heshima ya mtu kazini nayo ni mali.

Hapa niseme kidogo jinsi barua yenyewe inavyokuwa, kwa sababu nyingi zinazoandikwa hazimsaidii mwandishi wake. "Bosi ananidharau sana tangu zamani na amenifanya nikose amani" ni malalamiko ya kweli yasiyoweza kuthibitishwa. Linganisha na mfano huu ninaoubuni: "Jumanne tarehe 4, saa mbili na robo asubuhi, mlangoni mwa ghala la pili. Nilimwomba karatasi ya kupokea mzigo. Mbele ya vibarua wanne na dereva wa lori aliniambia, 'Wewe ni takataka, mama yako alipoteza karo.' Niliendelea kupakua. Saa tano alinihamishia zamu ya usiku bila kueleza sababu. Hii ni mara ya nne mwezi huu." Hakuna neno la kulaani, hakuna kumpima tabia wala kumtafutia ugonjwa. Kuna siku, saa, mahali, maneno yenyewe na waliosikia. Daftari la aina hiyo liandikwe siku ile ile, nyumbani, wala lisiachwe kwenye droo ya ofisi. Barua ipelekwe kwa aliye juu ya meneja au kwa idara ya wafanyakazi, iseme mfanyakazi anaomba nini hasa, na nakala ipigwe muhuri au itumwe kwa baruapepe inayoacha tarehe. Jumbe za WhatsApp za saa nne usiku zisifutwe, na simu yenyewe isiuzwe: Sheria ya Ushahidi inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini kifungu cha 106B kinataka cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kwa kifaa gani. Picha ya skrini iliyopita mikononi mwa watu watano haina nguvu ya simu iliyopokea ujumbe. Na mtu asibebe nyaraka za siri za kampuni kwa kisingizio cha ushahidi, maana atakuwa amemkabidhi meneja sababu halali ya kumfuta.

Kijana mwenye hasira amekuwa akitikisa kichwa muda wote. "Barua, barua! Mtu ananitukania mama yangu nami naenda kutafuta kalamu? Namjibu pale pale, mbele ya wote, anyamaze. Au natupa funguo mezani naondoka. Heshima haiombwi." Naelewa damu yake inavyochemka, lakini nitamjibu kwa ufupi kwa sababu sheria imemjibu kwa ufupi. Kifungu cha 44 kinataja makosa makubwa yanayomruhusu mwajiri kumfuta mtu papo hapo bila notisi, na mojawapo ni mfanyakazi kutumia lugha ya matusi au kumdharau mwajiri au yeyote aliyewekwa na mwajiri juu yake. Kwa hiyo meneja mjanja huchokoza makusudi. Anatukana pasipo mashahidi na anajibiwa mbele ya mashahidi kumi. Kijana aliyejibu ameibadilisha kesi kuwa yake. Na aliyetupa funguo bila neno la maandishi ameacha kazi kwa hiari yake, ndivyo jalada litakavyosema, na miezi sita baadaye akibadili mawazo atakuwa anajenga nyumba kuanzia paa.

Mpinzani wa nne ndiye ninayemwogopa, na ananichelewesha kulala. Ni mama aliyefuata njia yote ninayoipendekeza. "Niliandika," anasema. "Nikaitwa kikao, na aliyekaa kwenye kiti cha hakimu ni rafiki wa meneja, kanisani wanakaa benchi moja. Nikafutwa. Nikaenda kwa afisa wa leba, nikaenda kwa wakili. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Nilipoangalia ninachoweza kulipwa, nikaona karo ya watoto imekwisha kuliwa na nauli na wakili. Na Eldoret hii ni ndogo. Kila nilikoomba kazi walimpigia simu yule yule." Kila alichosema kinaweza kutokea, na sheria yenyewe inamuunga mkono kwa aibu yake: fidia ya kufutwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12, hata kama mtu alitumikia miaka 20. Hakuna amri ya korti itakayomzuia mwajiri kumnong'oneza mwenzake kwenye simu.

Hata hivyo, nitamkatalia mama huyu jambo moja. Anaipima barua kwa kile alichopata kortini, kana kwamba korti ndiyo kazi yake ya pekee. Kazi kubwa ya barua hufanyika kabla ya korti, mahali ambapo haionekani. Mwajiri aliyepokea malalamiko matatu kuhusu meneja mmoja, kutoka kwa watu watatu waliofanya kazi vipindi tofauti, anakabiliwa na hesabu ambayo hakuwa nayo alipokuwa akisikia minong'ono. Hata akimtetea meneja mara ya kwanza, wa pili anaandika akijua wa kwanza aliandika. Aliyeshindwa leo amemwachia mwenzake ushahidi. Najua ni faraja baridi kwa mtu mwenye watoto, na sitadai kwamba inamlipia karo. Nadai tu kwamba, kati ya njia nne zilizo mezani, nyingine tatu hazimwachii mtu yeyote chochote.

Kuna pia njia ambazo mama huyo pengine hakuzimaliza. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, hiyo wengi wanayoiita korti ya leba, ina kituo hapa Eldoret, lakini tangu mwaka 2018 madai ya mfanyakazi ambaye mshahara wake wote kwa mwezi hauzidi shilingi 80,000 yanaweza kusikilizwa na mahakimu, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Anayefanya kazi katika taasisi ya umma anaweza kupeleka malalamiko ya matumizi mabaya ya mamlaka kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, yaani ofisi ya Ombudsman, ambayo ina tawi mjini. Chama cha wafanyakazi, kiwe UASU kwa wahadhiri, KUDHEIHA kwa wafanyakazi wa hoteli na hospitali, au kingine, kina mwakilishi anayeweza kukaa kwenye kile kikao cha rafiki wa kanisani na kuandika kilichosemwa. Na cheti cha utumishi, ambacho waajiri wengine hukificha kama adhabu, ni haki ya kisheria ya anayeondoka. Hakitaji tabia yake bali kazi aliyofanya na muda aliofanya.

Ipo pia aina ya unyanyasaji ambayo sheria imeipa silaha nzito zaidi, na hapa Eldoret haifai kupitwa kimya. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu za kabila, jinsia, dini, lugha, ulemavu, ujauzito, hali ya HIV na kadhalika, na mfanyakazi akidai kubaguliwa, mzigo wa kuonyesha kwamba hakukuwa na ubaguzi unamwangukia mwajiri. Kifungu cha 6 kinamlazimu mwenye wafanyakazi kuanzia 20 kuwa na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia. Katika mji ulio jirani na Kiambaa, ambako watu walichomwa kanisani tarehe 1 Januari 2008, meneja anayetaja kabila la mtu kila anapomkosoa hafanyi mzaha wa kazini, na mwenye kulalamikia hilo asilifiche ndani ya malalamiko ya jumla kuhusu "lugha mbaya". Aliandike kwa jina lake.

Nakiri hoja yangu inapopwaya: kwa kibarua. Mtu anayechukuliwa langoni asubuhi na kulipwa jioni akiandika barua leo, kesho hataitwa, na hakuna atakayehitaji kutoa sababu. Sheria inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja anahesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi, na hilo ni la maana, mradi anaweza kuonyesha siku alizofanya kazi. Naye basi aanze na daftari la siku hizo: jumbe za M-Pesa za malipo, majina ya wenzake, namba za malori. Barua yake isiwe na sahihi moja. Watu 12 waliotia sahihi pamoja ni vigumu kutoitwa wote kesho yake, hasa msimu wa mavuno, mahindi yanapopanga foleni kwenye maghala. Asiyejua kuandika aandikiwe na kutia dole gumba, na Kiswahili kinatosha. Hakuna kifungu kinachosema malalamiko lazima yawe kwa Kiingereza.

Meneja ananyoosha mkono kwa mara ya mwisho. "Na wanaosingizia? Mtu mzembe ataandika barua ili asiguswe." Wapo, na daima watakuwapo. Lakini karatasi humnasa mwongo vizuri kuliko inavyomnasa mkweli. Aliyetaja siku, saa na mashahidi anaweza kukanushwa na mashahidi hao hao, na kama tulivyoona, ulinzi wa kifungu cha 46 haumfuniki mwenye malalamiko yasiyo na msingi. Meneja mwadilifu hapotezi kitu kwa utaratibu huu. Anapata hata ngao: siku akisingiziwa, ana kumbukumbu zake mwenyewe za maonyo na vikao.

Uamuzi wangu basi ni kwamba hoja ipite, na wafanyakazi wajue saa yake inakimbia: malalamiko ya kufutwa yapelekwe kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, kesi ifunguliwe ndani ya miaka mitatu, na kwa madhara yanayoendelea, ndani ya miezi 12 tangu yakome. Lakini kuna ombi jingine, na hili ni kwa wabunge wanaotuomba kura hapa Uasin Gishu. Kifungu cha 44 kinamfuta papo hapo mfanyakazi anayemtukana mkubwa wake. Hakuna mstari unaomchukulia hivyo hivyo mkubwa anayemtukana mfanyakazi asiye na kabila, jinsia wala ulemavu wa kumtetea chini ya kifungu cha 5. Sentensi moja inatosha kuliziba pengo hilo. Leteni mswada.